Virusi vya homa ya ini C vimeisha, lakini ini langu bado nalipima

Dawa ya homa ya ini C inaponya. Nalitanguliza hilo kwa sababu nilipopata majibu yangu mwaka 2023, karibu kila niliyemweleza hapa Moshi alidhani nimeanzishiwa vidonge vya kumeza maisha yote, kama wanaotumia ARV au wagonjwa wengi wa homa ya ini B. Sivyo. Mimi nilipewa dawa ya wiki 12. Virusi vya C havina mahali pa kujificha ndani ya kiini cha seli kama vinavyofanya vile vya B na VVU, kwa hiyo ukivizuia visizaliane, vinakwisha. Zaidi ya watu 95 katika kila 100 wanaomaliza dawa hizi mpya hupona kabisa.

Kilichonifanya niandike ni hiki: virusi kuisha ni jambo moja, ini kupona ni jambo jingine, na kila moja lina muda wake. Nimeona watu wakishika lile la kwanza na kulisahau la pili.

Ugonjwa wangu uligundulika kwa sababu ya shemeji yangu. Alikuwa afanyiwe upasuaji, ndugu tukaombwa kuchangia damu, nikaenda na wenzangu. Damu inayochangwa nchini kwetu hupimwa VVU, kaswende, homa ya ini B na C. Baadaye nikapigiwa simu nirudi kuonana na mshauri. Nilikuwa sina dalili yoyote. Nilikuwa nachoka, ndiyo, lakini mwanamke wa miaka 57 anayeshinda kwenye cherehani asipochoka atakuwa na miujiza.

Daktari aliniuliza kama nimewahi kuongezewa damu. Nimewahi. Mwaka 1986 nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilivuja damu nyingi mno, nikawekewa chupa mbili usiku uleule. Nilianza kulia pale pale, nikidhani kuna mtu alizembea. Akanieleza kwamba virusi vya C vilitambuliwa mwaka 1989. Kwa hiyo mwaka ule hapakuwa na hospitali yoyote duniani, iwe Moshi au London, iliyoweza kuipima damu ile. Wanasayansi watatu, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi ya kuvigundua. Naishukuru damu ile mpaka leo, maana bila hiyo mwanangu angelelewa na bibi yake.

Njia nyingine zipo, na wa rika langu wanazijua: chale za wembe mmoja kwa watoto wa ukoo mzima, kukatwa kimio, sindano zilizorudiwa mtu hadi mtu. Misri waliambukizwa kwa wingi sana kupitia sindano za kutibu kichocho zilizotolewa vijijini hadi miaka ya 1980. Nchi hiyohiyo ilipima mamilioni ya watu wake na kuwatibu, hadi mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kwa hatua iliyofikia katika kuutokomeza ugonjwa huu. Nilipolisoma hilo nilipata nguvu.

Kipimo cha kwanza, kile cha tone la damu, huonyesha kingamwili tu, yaani kwamba mwili uliwahi kukutana na virusi. Takriban watu 3 katika 10 huvishinda wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa. Ndiyo maana kinahitajika kipimo cha pili kinachotafuta virusi vyenyewe kwenye damu. Changu kilivikuta. Wakapima pia homa ya ini B kabla ya chochote, na mtu asiliruke hilo: mwenye B na C kwa pamoja anaweza kuamshiwa B wakati C inatibiwa, na ini likaathirika vibaya. Mimi sikuwa nayo, nikachanjwa.

Siku ya kujua hali ya ini daktari aligeuza karatasi yangu ya maabara, akachukua kalamu na kuandika nyuma yake. Umri wangu, 57, mara kimeng'enya cha ini kiitwacho AST, 88. Akagawanya kwa zao la chembe sahani za damu (zile zinazosaidia damu kuganda), 118, na kipeuo cha pili cha ALT, kimeng'enya kingine cha ini, ambayo ilikuwa 96. Akabonyeza simu yake. Jibu: 4.3.

"Ikiwa chini ya 1.45, mama, huwa hatuna wasiwasi sana na makovu," akasema. "Ikizidi 3.25, tunaamini makovu ni makubwa."

Nilikaa nikiitazama ile 4.3. Fundi nguo anajua maana ya kipimo. Sentimita mbili zikizidi, gauni halimkai mtu. Picha ya altrasaundi ikaonyesha ini lenye uso wa mabonde mabonde badala ya kuwa laini. Kwa kuwa chembe sahani zilikuwa chache, nikamezeshwa mpira wenye kamera waangalie kama mishipa ya koo la chakula imevimba, kwa sababu hiyo ndiyo hupasuka na kumtapisha mgonjwa wa ini damu. Haikuwa imevimba. Daktari akasema ini langu lina makovu yaliyokomaa, wao huita sirosisi, ila bado linafanya kazi zake zote: sina maji tumboni, sina umanjano, damu yangu inaganda vizuri. Tumeliwahi, ndivyo alivyosema.

Dawa yangu ilikuwa kidonge kimoja kwa siku chenye dawa mbili ndani yake, sofosbuvir miligramu 400 na velpatasvir miligramu 100. Sofosbuvir hukizuia kimeng'enya ambacho virusi hukitumia kujinakili, na velpatasvir huishika protini nyingine ambayo virusi huihitaji kujiunda. Waliotibiwa zamani walichomwa sindano za intaferoni miezi sita hadi mwaka mzima, na homa, na kukosa damu, na sonona, na wengi bado hawakupona. Sofosbuvir iliidhinishwa Marekani Desemba 2013, bei yake huko ikiwa dola 84,000 kwa wiki 12. Mwaka uliofuata kampuni ya Gilead ilivipa viwanda vya India leseni ya kuitengeneza kwa ajili ya nchi za kipato cha chini, na chupa niliyoishika mimi ilikuwa imetoka India. Wanangu walichanga. Mmoja aliahirisha kupaua nyumba yake ili mama yake atibiwe, na sitaacha kumwombea.

Kuna jambo moja lililokuwa nusura liharibu yote, na linawahusu watu wengi. Nina kiungulia cha siku nyingi. Nilikuwa natumia omeprazole, na nikizidiwa natafuna vidonge vya magnesiamu. Velpatasvir inahitaji asidi ya tumbo ili iingie mwilini. Omeprazole ikaikata asidi, dawa ya virusi inapita bure. Daktari aliniuliza dawa zangu zote, hata zile za dukani ambazo sisi hatuziiti dawa, akaisimamisha omeprazole, na magnesiamu akaniruhusu mradi ipishane na kidonge kwa saa nne. Wanaotumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, dawa za kifafa kama kabamazepini, au amiodaroni ya moyo, waseme mapema. Beba mfuko mzima wa dawa zako, umwage mezani kwa daktari.

Kidonge nilikimeza kila siku baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kichwa kiliniuma wiki za mwanzo na uchovu ukaongezeka kidogo, basi. Kazi sikuacha. Nikijichoma sindano ya cherehani, na hilo hutokea, nilifunga kidole plasta na kufuta meza kwa maji ya jiki, kwa sababu virusi hivi hupita kwenye damu. Havipiti kwenye sahani, kikombe wala kukumbatiana, na nililazimika kulirudia hilo kwa wifi yangu mpaka akaacha kunitengea kijiko. Wembe na mswaki, hivyo kila mtu awe na chake. Mume wangu alipimwa akakutwa salama. Wanangu wawili waliozaliwa baada ya 1986 nao walipimwa, maana mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaliwa, ingawa ni kama mara 5 tu katika 100. Wote wazima.

Krismasi ilinikuta katikati ya dozi, na Krismasi kwetu Kibosho ni kata ya mbege kupita mkono hadi mkono. Pombe na ini lenye makovu havikai nyumba moja. Baba mkubwa alinipa kata, nikaipokea kwa mikono miwili, nikaigusisha mdomoni na kumpitishia aliyefuata. Heshima ilikaa, ini likakaa.

Kipimo cha kupona hakifanywi siku ya kumaliza chupa ya mwisho. Husubiriwa wiki 12 nyingine. Virusi visipoonekana baada ya hapo, umepona, na havirudi vyenyewe. Ukivipata tena ni kwa kuambukizwa upya. Majibu yangu yalisema havikuonekana. Nililia tena, safari hii kwa furaha.

"Hongera, mama," daktari akasema. "Sasa tuzungumze kuhusu ini."

Nilimwelewa kwa lugha ya kazi yangu. Ukiondoa pasi ya moto kwenye kitambaa, kuungua kunakoma saa hiyohiyo, lakini alama iliyokwisha ungua haiondoki kwa kuwa pasi imeondoka. Kwa ini ni afadhali kidogo, kwa sababu ini hujijenga, na kwa watu wengi makovu hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Vimeng'enya vyangu vilishuka haraka: ALT 24, AST 31. Chembe sahani zilipanda hadi 131. Nikafanya ile hesabu mwenyewe nyumbani, ikatoka 2.8, nikampelekea kwa fahari. Akanipongeza, kisha akanionya: namba imeshuka zaidi kwa sababu uvimbe wa ini umepoa, si ushahidi kwamba makovu yametoweka. Aliyefikia sirosisi kabla ya kutibiwa, hatari yake ya saratani ya ini hupungua sana baada ya kupona, lakini haifutiki. Kwa hiyo altrasaundi kila miezi sita. Uvimbe wa saratani ukionekana ukiwa mdogo, unatibika. Ukisubiri maumivu, umechelewa.

Nayo maisha ya kila siku yana mambo yake. Mgongo ukiniuma siendi tena kununua diklofenaki, kwa kuwa kwa mwenye sirosisi huumiza figo na kuleta kutoka damu. Nameza panadoli, na daktari ameniwekea mwisho gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500. Mizizi ya kuchemsha inayouzwa karibu na stendi siigusi, hata anayeniuzia akiapa. Mahindi na karanga nachambua punje kwa punje, zenye ukungu natupa, kwa sababu sumukuvu ni adui wa ini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kahawa, hiyo nakunywa kwa raha. Tafiti nyingi zimeona kwamba wanywaji wa kahawa hupata makovu na saratani ya ini kwa uchache kuliko wasiokunywa, nasi tumeilima kihambani miaka yote tukiiuza yote na kunywa chai.

Mwaka jana nilipimwa kwenye maabara moja ya mtaani kwa sababu nyingine, kijana akaniambia kwa sauti, mbele ya watu, kwamba nina homa ya ini C. Alikuwa amepima kingamwili, ambazo hubaki kwenye damu hata baada ya kupona. Nilimtolea nakala ya majibu ya virusi, ambayo hukaa kwenye pochi yangu pamoja na kitambulisho, nikamwomba aisome taratibu. Akaisoma, akaomba radhi. Aliyepona C atengeneze nakala kama hiyo, na ajue kwamba kuchangia damu ndiyo basi.

Picha yangu ya mwisho haikuonyesha uvimbe. Inayofuata ni mwezi wa sita, na wifi yangu amesema tutakwenda wote, kwa kuwa naye aliongezewa damu miaka ileile na hajawahi kupimwa.