Diski ikijaa, usikimbilie kufuta kwa rm

Wiki ya mwisho ya Juni, saiba za Kisumu hufurika watu wanaowahi ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30. Hapo ndipo seva ndogo ya Ubuntu (aina ya Linux) iliyo kona, ile inayopokea skani na kazi za printa, hugoma na kusema "No space left on device". Wengi huanza kufuta wanachokiona mbele yao. Tafadhali ngoja kwanza. Ujumbe huo una zaidi ya chanzo kimoja, na dawa ya kimoja haifai kwa kingine.

Anza na amri hizi:

df -h
df -i

Ya kwanza hupima nafasi, ya pili huhesabu inodi, yaani rekodi ambamo mfumo hutunza maelezo ya faili. Kila faili hutumia inodi moja, hata ikiwa na baiti kumi tu, na kwenye ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Ubuntu, idadi yake hupangwa diski inapoformatiwa. Kwa hiyo inodi zinaweza kwisha huku nusu ya diski iko wazi. Angalia /var/lib/php/sessions, folda ambamo PHP, lugha ya programu za tovuti, huweka vifaili vya muda: kazi ya kuisafisha ikikwama, vifaili hurundikana humo hadi rm * ikajibiwa "Argument list too long". Tumia find:

sudo find /var/lib/php/sessions -type f -mtime +2 -print

Soma orodha yote, ndipo uweke -delete mahali pa -print. Ikae mwisho daima. Find husoma masharti kutoka kushoto. Ukiitanguliza -delete, itafuta kila kitu kabla ya kutazama umri wa faili.

Kama kilichokwisha ni nafasi:

sudo du -xh -d1 /var | sort -h

Alama ya -x huizuia du isivuke kuingia diski nyingine, na folda nzito zaidi hutokea chini. Ikiwa ni logi za mfumo, yaani kumbukumbu za matukio yake, sudo journalctl --vacuum-size=200M inatosha. Ikiwa ni /var/spool/cups, jua kwamba CUPS, programu inayosimamia printa, kwa kawaida hubakiza faili za kazi zilizokwisha kwa siku nzima. Andika PreserveJobFiles No ndani ya /etc/cups/cupsd.conf, kisha uanzishe CUPS upya. Hata nafasi ingekuwa tele ningeshauri hivyo, maana karatasi hizo zina PIN za KRA na mishahara ya watu.

Chanzo kinachosumbua vichwa zaidi ni hiki: df inasema asilimia 100, lakini du ikijumlisha haifiki hata nusu. Mara nyingi kuna mtu aliyefuta logi wakati programu bado inaiandika. Jina limeondoka, data imebaki mpaka programu iifunge faili.

sudo lsof +L1

Amri hiyo hutaja programu inayoishikilia. Ianzishe upya, nafasi itarudi papo hapo. Kuzima na kuwasha mashine pia hurudisha, ila hutajua mkosaji ni nani, na kesho mtarudi palepale. Logi inayotumika huipunguzi kwa rm. Tumia sudo truncate -s 0 na jina lake.

Mwisho, ext4 huwekea root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, akiba ya asilimia 5. Kwenye diski ya TB 1 ya skani pekee hiyo ni GB 50 hivi. Hakikisha jina la diski kwa lsblk, kisha sudo tune2fs -m 1 /dev/sdb1 itakurudishia takriban GB 40. Ile yenye mfumo wenyewe usiiguse: akiba hiyo ndiyo inayomwachia root nafasi ya kufanya kazi watumiaji wengine wakishaijaza.