Siku yangu moja kwenye miche, Barabara ya Bagamoyo

Saa kumi na nusu alfajiri naamka, nasali, nachemsha chai, natoka Bunju na daladala za mwanzo maana ukichelewa foleni ya Tegeta inakula asubuhi yote. Saa kumi na mbili nipo kitaluni Mbezi Beach, kando ya barabara, viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, kama mia nne, neti ya kivuli na keni mbili za kumwagilia. Wanaopita kwenye magari wanajua nimekaa tu chini ya mti nauza majani, ndo maana leo nawaandikia.

Mpaka saa tatu ni maji tu. Bomba lilikuwa limekata siku ya pili, nikanunua madumu kwa jamaa wa guta. Kisha kuchanganya udongo, samadi na pumba za mpunga, kujaza viriba, mgongo unauma balaa. Saa nne nikauza miembe miwili ya kubebesha, yaani ya kuunganishwa, na asumini moja.

Saa tano akaja dada mmoja, gari hata hajazima, anashusha boganvilia niliyomuuzia wiki mbili nyuma, fimbo tupu, haina jani hata moja. "Mama, umeniuzia mti umekufa, nataka hela yangu." Nikamuuliza mwanangu ulipandaje, akasema aliitoa kwenye kiriba akakung'uta udongo wote akaosha mizizi, halafu kila siku asubuhi na jioni ndoo nzima ya maji. Jamani! Boganvilia haitaki kuvurugwa mizizi, ukiivuruga inapukutisha majani yote, na hayo maji mengi ndo yanaozesha kabisa. Namueleza hasikii, anaongea na simu huku ananinyooshea kidole, wateja wawili wakaona vile wakaondoka, jua la saa sita linachoma, karibu saa nzima tupo hapohapo, na mwisho akasema nyie wauza maua waongo sana. Hilo liliniuma, miaka tisa nafanya hii kazi.

Nikaushika ule mche nikakwaruza gome juu kwa ukucha wa kidole gumba. Pakavu. Katikati, kahawia. Nikashuka mpaka karibu na udongo nikakwaruza tena taratibu, kijani! Kijani kibichi chenye majimaji, kama tango ukilimenya. "Ona hapa mwanangu, mzima huu, kivuli na maji kidogo tu utachipua." Akasema hana muda wa kusubiri. Nikampa mwingine, ule nikabaki nao.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena, nilichoka. Nilikaa naangalia mkrismasi wa ng'ambo ya barabara, umeanza kuwaka maua mekundu, na Septemba tu hapo ulikuwa matawi matupu na maganda meusi yananing'inia. Jumamosi jumuiya tulisoma Ayubu 14, pale anaposema mti ukikatwa una matumaini, hata kisiki kikizeeka kikipata harufu ya maji kinachipuka, ila mtu akifa je, ataishi tena? Mume wangu tulimzika mwezi wa tatu mwaka jana na hilo swali nililala nalo miezi. Nilirudi kitaluni kwa sababu ya njaa tu, sikuwa na nguvu ya kuomba, nikawa namwagilia tu, na kila mche niliodhani umekufa ukachipua nilikuwa nalia. Mungu alinijibu pale kwenye samadi. Yohana ameandika kaburi la Bwana lilikuwa bustanini, na asubuhi ile Mariamu Magdalene alipomwona alidhani ni mtunza bustani. Mtunza bustani! Mimi hilo neno nalishika kama langu.

Jioni nikamwagilia tena, nikauweka ule mche chini ya neti, nyuma, pasipo na jua, maji kikombe kimoja tu. Daladala imejaa, nimesimama mpaka Bunju, nimeshika bomba la juu, na ukucha wa kidole gumba bado una kijani.