Probox na AC yake: kabla sijatia gesi

Haya, habari za Probox. Kaskazi ishaingia, Malindi mchana hapakaliki, na AC bado yapuliza moto tu. Fundi wa mtaani anambia "lete nikutilie gesi uende zako", mi nkakataa, maana gesi ya AC si petroli useme imetumika ikaisha, mfumo wote umefungwa, ikipungua ujue kuna pahali yatokea, na hii R134a ikienda hewani inashika joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ukaa kilo kwa kilo. Sasa unalipia nini hapo?

Nimefunga geji ya presha gari ikiwa imezimwa na imepoa. Kwa nyuzi 30 ilitakiwa isome karibu psi 97, yangu haifiki hata 40, ndo maana swichi ya presha inaizuia klachi ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, isishike. Povu la sabuni likatoa jibu: kona ya chini ya kondensa, ile rejeta ya AC ya mbele, chumvi ya bahari ishakula alumini.

Kwa hivyo mpango ni huu. Gesi iliyobaki itavutwa na mashine ya jamaa wa mafriji, siifungulii hewani. Halafu kondensa mpya, oringi mpya (vile vipira vya kuziba viungo), draya mpya, ile chupa ya kukausha gesi, maana mfumo ukishafunguliwa draya inanyonya unyevu na huku kwetu unyevu ndo kwao. Kisha vakyumu, yaani kuvuta hewa yote kwa pampu, nusu saa au zaidi, nafunga valvu, naitazama sindano ya geji, ikipanda tu ujue bado kunavuja, hakuna kutia gesi.

Siku ya gesi ni nje chini ya mwarobaini, sio ndani ya gereji, hii gesi ni nzito kuliko hewa inakaa chini inafukuza oksijeni. Miwani na glavu lazima, R134a inachemka nyuzi -26 ikikurukia jichoni ni baridi ya kuunguza. Kopo litasimama wima, upande wa buluu wa presha ya chini pekee, injini ikiwaka usithubutu ule mwekundu wa presha ya juu, presha yaweza kurudi koponi likapasuka. Na napima kwa mizani, gramu zile zile za kibandiko cha kwenye boneti, hii habari ya kutia mpaka ipoe siitaki. Anayeniambia nitie gesi ya kupikia, atie kwake.

Kondensa ishafika na basi kutoka Mombasa. Zimebaki oringi na mafuta ya PAG ya kompresa, pampu ya vakyumu naazimwa Jumamosi.