Kutundika picha Mikindani bila kuziharibu
Mnaopanga maonyesho ya picha Mikindani au Mtwara mjini, naombeni msianze na misumari. Kuta za zamani za mawe ya matumbawe zimepakwa chokaa: ukigonga tu, plasta inamomonyoka, na utepe wa gundi haushiki kwa sababu ya ule unga wa chokaa. Funga mshipi mnene wa kuvulia samaki, wa milimita 1, kwenye boriti na ushushe nyuzi mbili kwa kila fremu. Ukishusha mmoja, kusi ikiingia dirishani picha inazunguka. Katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni.

Adui mkubwa huku pwani ni unyevu. Picha ikigusa kioo inanata, na ukiibandua rangi inabaki kwenye kioo. Hapo hakuna dawa. Kata kadibodi ya milimita 2 kama dirisha, uiweke kati ya picha na kioo. Tena, picha ishikwe upande wa juu tu. Ukiigundisha pande zote nne, karatasi ikitanuka inakosa pa kwenda na kufanya mawimbi.

Kuchapa picha kwenye karatasi ya A3 kwa nukta 300 kwa inchi kunataka pikseli 3508 kwa 4961. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida haifiki hapo, omba faili halisi.

Mkitengeneza na kijitabu cha maonyesho, cha kubana pini katikati, kurasa zigawanyike kwa 4. Na jamani, uso wa mtu usikae kwenye mkunjo. Bibi wa watu kupigwa pini puani inauma kuangalia.