Albamu ya noti za mjomba: nilivyotenganisha hela na pambo kabla ya kuuza

Mimi sio mtaalamu wa noti, ni wakala wa miamala tu hapa Chikongola Mtwara, ila hela nazishika kutwa nzima ndo maana mjomba akaona kazi hii ni yangu. Mjomba alikuwa baharia, kila bandari alirudi na noti, nyingine kanunua nyingine kapewa na mabaharia wenzie, sasa hivi kastaafu yuko Mikindani, nyumba inavuja na anataka mabati. Na sisi huku kwetu mjomba akisema kitu hilo sio ombi, ni agizo. Akanipa albamu akasema "mpwa wangu, humu kuna mamilioni, nitafutie mtu". Kuna kijana alishamwonesha video kwenye simu, eti noti moja ya Zimbabwe inajenga nyumba, basi mzee akawa ameshapiga hesabu mpaka ya vigae.

Watu wengi wakipata vitu hivi wanakimbilia bei. Wanaona mtu kaweka dola 500 mtandaoni wanaanza kugawana hela ambayo haipo. Mimi niliacha bei kwanza, nikawa naishika noti moja moja najiuliza imetolewa na nani, benki kuu ya nchi au kiwanda cha zawadi? Hilo tu lilimaliza nusu ya albamu.

Dola milioni moja ya Marekani ndo ilikuwa nyepesi kuliko zote. Marekani haijawahi kutoa noti ya milioni. Kubwa kabisa iliyofika mikononi mwa raia ilikuwa ya dola 10,000, na ile ya 100,000 ya mwaka 1934 ilikuwa ya mabenki ya Federal Reserve, yaani benki kuu yao, kulipana yenyewe kwa yenyewe. Halafu ukiisoma yenyewe vizuri, pembeni kwa herufi za sisimizi imeandikwa kwamba sio pesa halali, yaani aliyeichapa wala hakuficha, sisi ndo hatusomi.

Kelele zilikuja kwenye zile noti za rangi ya dhahabu. Zilikuwa kwenye kifuko kizuri na cheti chake, karati 24, asilimia 99.9, na mama mdogo alikuwepo akasema hizo zisiguswe kabisa mpaka tupate Mhindi wa Dar. Nikachukua moja nikaenda nayo kwa sonara sokoni. Akaikunja, akaikwaruza na wembe, akacheka. "Dada hii plastiki. Hata kama wameweka dhahabu kweli ni utando tu, nikiuyeyusha sina cha kuweka kwenye mizani." Nikamuuliza na cheti je? Akaniambia cheti kachapisha huyohuyo aliyechapisha noti. Moja ya hizo ilikuwa ya Zimbabwe na namba yake imepita trilioni 100, wakati trilioni 100 ndo noti kubwa kabisa ambayo benki kuu yao iliwahi kutoa, kwa hiyo hata bila sonara ilishajisema. Zinauzwa kwa pakiti kwenye maduka ya mtandaoni ya Kichina, dola chache unapata furushi.

Sasa taa ya noti feki, hii tunayotumia kibandani, watu wanaiamini kupita kiasi. Inasaidia, maana karatasi ya kawaida ya kuchapia inang'aa weupe wa bluu chini yake wakati karatasi ya noti ya kweli haing'ai hivyo, inabaki giza na zinaonekana alama maalumu tu. Lakini kwenye albamu kulikuwa na noti ya euro sifuri, ndio, sifuri, na kwenye taa ilipita kama euro halali! Karatasi ya pamba, alama ya maji, kila kitu. Nikahisi taa yangu imeharibika. Kumbe zile zilianza Ufaransa mwaka 2015 kama ukumbusho wa watalii, zinachapwa kwenye kiwanda kinachochapa noti za kweli, zinauzwa euro 2 au 3 sehemu za utalii. Kwa hiyo taa inakwambia karatasi ni nzuri, haikwambii kama ni hela. Zina wakusanyaji wake, picha zikichapwa chache bei inapanda kidogo, ila nyingi zinabaki palepale au zinashuka.

Ikabaki ya Zimbabwe ya karatasi, trilioni 100. Hii mjomba alipewa na dereva wa lori Beira. Mbele mawe yale yaliyobebana, nyuma Maporomoko ya Victoria na nyati, sahihi ya Gono aliyekuwa gavana wa benki kuu yao, namba inaanza na AA, ukiiinua kwenye mwanga unaona ndege wa Zimbabwe ndani ya karatasi na uzi wake. Nikampelekea fundi simu jirani yangu aiweke kwenye ile hadubini anayotengenezea bodi, mistari ilikuwa imenyooka, wino umejaa, hakuna vidoti vidoti kama vya printa. Hii ni ya kweli. Na hapa ndo mjomba nilibidi nimwelezee taratibu, maana kama hela haina kitu kabisa. Zimbabwe walipoizika rasmi mwaka 2015 walibadilisha kwa dola moja ya Marekani kwa kila kwadrilioni 35 (kwadrilioni moja ni trilioni elfu moja), sasa trilioni 100 ukipiga haifiki hata senti moja. Bei yake yote iko kwa wanaoitafuta kama kumbukumbu, na hao wanalipa zaidi ya dola 100 kama ni mpya kabisa haijawahi kukunjwa. Ya mjomba ilikuwa na mkunjo mmoja katikati, kaiweka kwenye pochi huyo mzee wangu! Mkunjo mmoja tu na bei inashuka. Mama mdogo akataka aipige pasi, nikamnyang'anya. Noti ya mkusanyaji haipigwi pasi, haifuliwi, haigundishwi na gundi, anayejua akiangalia tu anajua.

Kwenye bei yenyewe nilitumia eBay, lile soko la mtandaoni, ila sio bei wanazoomba. Kuna sehemu ya kuchuja uone zilizouzwa tu, humo ndo kuna ukweli, mtu anaweza kuomba dola 5,000 hata kwa kikaratasi cha vitumbua na hakuna wa kumkataza. Nikawa naangalia zinazofanana na yangu kwa hali, sio mpya mpya, natoa gharama ya kutuma, natoa na ile ya kwamba niko Mtwara na mnunuzi hanijui. Nikipata hiyo hapo ndo nasema haya, chini ya hapa siuzi.

Kuna mmoja alinitafuta WhatsApp, anajiita wakala wa wanunuzi wa nje, albamu nzima milioni nane bila hata kuiona. Ila nitume kwanza laki na nusu ya uhakiki. Nikamjibu kaka, kata humohumo kwenye milioni nane. Akaniambia utaratibu hauruhusu. Nikamwambia basi kata laki tatu kabisa, nakuachia na soda. Hajarudi mpaka leo, na mjomba alinuna siku mbili anaona nimemfukuza mteja.

Kulikuwa na dola 2 za Marekani za mwaka 1976, watu wanadhani ni adimu kwa sababu huku hatuzioni, zile bado ni hela halali na nyingi thamani yake ni dola mbili hizohizo, labda namba yake iishie na nyota. Nikaziacha kwa bei ya dola. Na noti zetu wenyewe za zamani, za Mzee Mwinyi na zile za twiga, hii ilikuwa mwanzoni mwa 2025 na BoT, benki kuu yetu, walikuwa wametangaza za kuanzia 1985 mpaka 2003 zibadilishwe kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili. Zilizochakaa, hasa elfu kumi na elfu tano, tukapeleka BoT tawi la Mtwara tukapewa hela yake kamili, maana ikishapita tarehe inabaki karatasi. Safi tukabakiza kwa ajili ya wakusanyaji.

Ile ya Zimbabwe ilichukuliwa na mkusanyaji wa Dar kwa 230,000, alilipa kwanza nikaiona hela imeingia ndo nikaipandisha basi ikiwa katikati ya makadi mawili magumu. Za dhahabu nimeuza elfu tatu tatu kwa vinyozi na mabinti wanaopamba maboksi ya zawadi, na kwenye risiti niliandika neno PAMBO kubwa, sitaki kesho mtu aende kumtapeli bibi wa watu Newala halafu jina langu litajwe. Mabati hayajatimia lakini yameanza.

Iliyobaki inayotugombanisha ni noti ya rupia moja ya Mjerumani ya 1915, enzi anatawala huku kwetu. Ni ya kweli, nimeipitisha kote kule. Ila huku kusini ukitaja Mjerumani watu akili zinahama, wanaona hazina, wanaona zebaki nyekundu ile ya hadithi za mitaani, sijui ramani. Noti hizi zilichapwa humuhumu nchini wakati wa vita kwa sababu Waingereza walifunga bahari na mzigo kutoka Ujerumani haukuwa unafika, zilichapwa nyingi na mpaka leo zipo nyingi, bei yake ni makumi ya dola sio mamilioni. Kuna mwalimu wa Lindi kafika elfu sabini. Mimi ningempa jana. Mjomba anasema tungoje msimu wa korosho watu wawe na hela, na albamu ni yake.