Kilwa Kisiwani, nikimfuata Mshirazi

Bibi yangu wa Pangani akigombana na jirani alikuwa na neno moja la kufungia mjadala: "Sisi Washirazi." Basi nilipopata likizo ya siku nne nikapanda basi la Kilwa Masoko, nikamtazame huyo Mshirazi alikofikia.

Kibali nilikata asubuhi, nikapewa mzee wa kunitembeza. Maji yalikuwa yamejaa, na dau likavuka bila haraka. Hata katikati hatujafika, mzee kashaanza hadithi. Majahazi saba yalitoka Shiraz, Uajemi, baba na wanawe sita. Ali bin Hassan akashukia hapa, akakuta kisiwa kina mwenyewe, Mrimba. Akakinunua kwa nguo za kukizungusha kisiwa kizima, akaoa binti wa Mrimba. Maji yalipokupwa watu walivuka kwa miguu, kwa hiyo Ali akachimba mkondo, mwenye kisiwa asije akarudi.

"Nguo ngapi hizo, mzee?"

"Zunguka uhesabu, mwanangu."

Tulikwenda Msikiti Mkuu. Ukumbi wa kaskazini ndio wa zamani zaidi. Niliweka kiganja ukutani: ni tumbawe, na vijitundu vyake bado unavihisi kwenye vidole. Huchongwa likiwa bichi, limetoka baharini sasa hivi, maana likikauka shoka halifai kitu.

Sehemu kubwa ya hadithi ya mzee imo katika tarikh ya Kilwa, yaani maandishi ya kale ya historia yake, ingawa Mrimba na bintiye wametoka katika masimulizi ya mdomo; ila tarikh yenyewe iliandikwa karne ya 16, na Wareno wameshafika. Ali huyo, katika toleo la mwanahistoria Mreno, Barros, la 1552, mama yake ni mtumwa Mhabeshi, na nduguze walimdharau kwa hilo. Sarafu zake za shaba zina jina lake, hazina mwaka. Mwanaakiolojia Chittick, aliyechimba hapa miaka ya 1960, alimweka karibu na 1200. Kisha 1984 Mtambwe Mkuu, Pemba, zikafukuliwa sarafu zake pamoja na za Wafatimi, watawala wa Misri, za karne ya 11, hesabu ya enzi yake ikarudi nyuma.

Mimi kwa muda mrefu niliwaamini wanaosema Ushirazi ni kilemba tu cha kujivika. Mwaka 2023 wanasayansi wakapima vinasaba vya watu 80 wa zamani wa pwani hii: upande wa kike karibu wote Waafrika, upande wa kiume wengi wana asili ya Uajemi, na mchanganyiko ulianza kama mwaka 1000. Bibi hakukosea sana, ila aliruka kumtaja Mrimba.

Husuni Kubwa, magofu ya kasri lenye birika la pembe nane, ni ya sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali uliojinasibisha na Yemen. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alimkuta akitawala 1331, akaandika kwamba wengi wa wenyeji ni Wazanji weusi sana, wenye chale usoni.

Nikamwuliza mzee, naye wa wapi? "Baba Mmachinga, mama Mshirazi." Akacheka. "Akija mtu wa serikali, mimi Mtanzania."

Tuliporudi maji yalikuwa yamekupwa, dau likakwama mbali na ufuko. Tukakunja suruali. Mzee akiwa na maji magotini akageuka: "Unaona? Huyu Ali hakuchimba vizuri."