Nyanya zangu zililipuka Tabata

Saa nane za usiku, nyumbani kwetu Tabata, Dar es Salaam, mama alinigongea mlango, mkono mmoja tochi ya simu, mkono wa pili mwiko wa ugali. "Kuna mtu stoo," akaninong'oneza. Tulipofungua hapakuwa na mtu. Kulikuwa na nyanya ukutani, nyanya kwenye gunia la mchele, nyanya juu ya vitunguu, na katikati ya sakafu kifuniko cha bati kimelala chali. Mama akamulika huku na huku, akanigeukia: "Hivi huko Ulaya ndivyo mnavyotunza chakula?"

Nianze mwanzo, nisije nikachekwa kabla sijajitetea.

Naishi Lublin, mashariki mwa Poland, mwaka wa saba sasa. Nimepanga kwa bibi mmoja mjane, namwita babcia, ndiyo "bibi" kwa lugha yao. Wiki niliyohamia alinishusha chini ya nyumba, nikadhani ananionyesha ilipo mita ya umeme. Kumbe ananionyesha stoo yake. Rafu kuanzia chini hadi juu, zimejaa chupa za mdomo mpana: matango ya chumvi, kabichi iliyochacha, uyoga, jamu nyeusi ya plamu aliyoipika siku tatu bila kutia hata chembe ya sukari. Na pale kona kuna dude la kioo lenye tumbo la lita 20, limejaa maji mekundu, juu yake kuna mrija uliojipinda wenye maji kidogo ndani. Kila baada ya muda linatoa kiputo. Bluk. Unasubiri. Bluk. Ndio mvinyo wake wa matunda ya bustanini. Desemba, jua likishazama saa tisa na nusu alasiri na nje kumeganda, tunashuka kuchukua chupa moja ya matango na birika la mvinyo, na kusema kweli sijaona faraja nyingine katika baridi ile.

Warszawa, mji mkuu wao, wana neno la utani, "słoiki", maana yake ni hizo hizo chupa. Ndivyo wanavyowaita watu waliotoka mikoani kutafuta maisha mjini, kwa sababu wakienda kwao mwisho wa wiki wanarudi Jumapili jioni na mabegi yanayogongana chupa alizowafungashia mama. Babcia aliponieleza nilicheka mpaka akashangaa. Nenda stendi ya Magufuli pale Mbezi basi la Mbeya likishusha, uone viroba vya mchele, ndizi, na dumu la asali lililofungwa nailoni mdomoni. Na sisi ni słoiki, tofauti yetu ni chombo tu.

Basi nikaja likizo Desemba iliyopita nikiwa nimejaa ujuzi. Nikanunua tenga zima la nyanya soko la Ilala, nyanya za Ilula zile ngumu nzuri, na chupa za mayonezi zilizotumika kwa vijana wanaouza chupa. Nikachemsha nyanya zikawa rojo, nikajaza zikiwa za moto, nikakaza vifuniko, nikazigeuza kichwa chini kama babcia anavyofanya. Nilitaka nizichemshe tena zikiwa ndani ya chupa lakini mtungi wa gesi ukaisha, nikasema potelea mbali. Nikazipanga stoo, nikazipiga picha, nikazirusha kwenye kundi la familia. Siku ya nane ndipo ikawa ile ya mwiko.

Kosa langu lilikuwa nini? Vifuniko vilikuwa vya zamani, mpira wake wa ndani umechoka. Chupa sikuzichemsha. Lakini kubwa zaidi ni kwamba njia ya babcia ina uzembe wake, na baridi ndiyo inayomsitiri. Stoo yake iko ardhini, nyuzi joto kama 10. Ya mama iko chini ya bati, Tabata, Desemba. Vijidudu vilivyobaki kule vingelala, hapa viliamka siku hiyo hiyo vikaanza karamu.

Awamu ya pili nilitulia. Kila chupa ya nusu lita nikatia kijiko kikubwa cha maji ya ndimu ya dukani, yale yenye ukali (asidi) unaojulikana, kwa sababu nyanya iko mpakani kati ya chakula kikali na kisicho kikali. Vifuniko vipya. Kisha chupa ndani ya sufuria kubwa, kitambaa chini zisigonge, maji yazifunike juu, na dakika 35 kuanzia maji yanapochemka kwelikweli. Kwa Dar inatosha kwa sababu tuko usawa wa bahari, maji yanachemka kwa nyuzi 100. Mtu wa Mbeya aongeze muda, kule maji yanachemka kwenye 94 hivi. Zikipoa, kifuniko kinabonyea katikati, na ukikigusa kwa kidole hakitoi mlio. Kikilia "tak", hiyo uile leo.

Ila ile iliyolipuka ilikuwa rafiki, imesema yenyewe. Ya kuogopwa ni inayonyamaza. Mjomba alitaka nimfungie maharage na nyama ya kukaanga kwa njia hiyo hiyo ajipelekee shambani Mkuranga, nikakataa, akanuna. Vyakula visivyo na ukali vikifungwa bila hewa vinaweza kuzaa sumu ya botulizimu, na inaweza isionyeshe harufu wala povu. Mbegu za kijidudu chake zinaweza kustahimili maji ya kuchemka kwa saa kadhaa. Zinataka nyuzi 121, joto linalopatikana ndani ya mtungi wa presha uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Kama huna, nyama kausha au weka friza.

Mama hakuyajali yote haya. Asubuhi ile tukiwa tunasafisha alianza kunitolea vitu ili vifutwe, na hapo ndipo nilipoiona stoo yake kwa mara ya kwanza, mimi niliyekulia nyumba hiyo. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yaliyotumwa na mama mdogo kutoka Shinyanga, magumu kama vigae, yanasubiri maji tu. Dagaa wa Kigoma ndani ya ndoo yenye mfuniko. Samaki wakavu wawili, ng'onda, wamening'inia. Samli kwenye kopo la maziwa ya watoto, sijui ni ya mtoto yupi. Maharage yamepakwa majivu yasibunguliwe. Mahindi kwenye mfuko wa tabaka tatu, ile wanayoiita ya kinga njaa: unakaza mdomo wa kila tabaka, wadudu wanaishiwa hewa humo ndani wanakufa, huhitaji dawa. Hakuna hata kimoja kinachohitaji baridi. Jua na chumvi vimeshamaliza kazi.

Na chini kabisa, sukari. Kilo 12, ndani ya sanduku langu la shule ya bweni.

"Mama, sukari yote hii ya nini?"

"Wewe ulizaliwa vitu vipo."

Akaniambia habari za duka la kaya, kadi yenye idadi ya watu wa nyumba, foleni ya tangu alfajiri, kufulia majani ya mpapai sabuni ilipokosekana baada ya vita vya Kagera. Akaniambia 1983, msako wa wahujumu uchumi, watu wakimwaga bidhaa usiku kwa hofu ya kukutwa nazo, na bibi yangu akizika mche wa sabuni nyuma ya choo. Nilikuwa nimeshika kitambaa chenye nyanya, nikamkumbuka babcia. Kwao sukari ilianza kutolewa kwa kadi 1976, nyama ikafuata 1981. Miaka yote saba nilidhani ni mwanamke anayependa tu kupika jamu. Na mwanzoni mwa 2024, mvua za El Nino zilipozuia viwanda visivune miwa na sukari ikaadimika mtaani, mama alikunywa chai yake kama kawaida. Sikuwahi kumuuliza ameipata wapi.

Katika kilo hizo alinikatia moja, nijaribu mvinyo kama wa babcia. Nikaichemsha na robo kilo ya choya kavu katika lita 5 za maji, nikapoza, nikatia kijiko kidogo cha hamira ya maandazi. Mrija nilitengeneza kwa mpira wa dripu uliozama kwenye glasi ya maji, ili hewa itoke isiingie, maana ikiingia unapata siki. Hesabu yake nyepesi: kila gramu 17 za sukari kwa lita zinatoa kilevi asilimia moja, kwa hiyo gramu 200 ni karibu 12, hamira ikivumilia.

Jirani yetu, swala tano, alikuja kunifundisha achari. Alikata ndimu mara nne bila kuitenganisha, akaifungua kwa dole gumba kama ua, akaijaza chumvi ya mawe, akaifunga. Thelathini na kitu hivyo, chap chap, huku anazungumza mambo ya mtaa. Zikapanda juu ya bati wiki nzima. Mara akatega sikio.

"Mwanangu, ile ndoo ina nini?"

"Juisi ya choya, mama."

"Juisi gani inapumua?" Akakusanya chupa zake za achari akazihamishia rafu ya mbali. "Hizi usizikalishe na huyo."

Joto la Dar liliuharakisha mvinyo. Siku ya 12 viputo vilipungua, na ndege yangu ilikuwa kesho yake, nikautia kwenye chupa. Ladha kali kidogo, rangi ya kupendeza. Nilijua nilipaswa kungoja mwezi, au walau nipime mara mbili kwa kile kipimo cha sukari kinachoelea, nione hakishuki tena. Sikungoja.

Juzi mama amenipigia.

"Nimesikia tena mlio stoo. Safari hii sikuchukua mwiko."

Nikamwambia chupa zilizobaki aziweke friji kwanza, zikipoa azifunike taulo, afungulie nje, uso mbali.

"Sawa. Na jirani anauliza juisi yako bado inapumua?"